Mwano wa Mama Mayala

Kijijini kwetu, nyuma ya Bugarama, king'ora cha nini? Tunaye Lusia, Mama Mayala. Mjane, mfuga ng'ombe, mkali kama pilipili, na akipaza sauti hata wafu hugeuka. Mimi ni jirani yake, zizi kwa zizi, kwa hiyo nasema ninayoyajua.

Dosari yake ni moja: anajua kupiga mwano, yaani yowe la hatari, wa aina moja tu. Kwetu Wasukuma, yowe la moto huleta watu na ndoo. Yowe la wizi wa ng'ombe haliwaleti kabisa kwa aliyelipiga. Wanachukua fimbo na pinde na kwenda kuziba njia, kila mtu mahali pake. Lusia ameibiwa mara nyingi, basi akishtuka kidogo tu anapiga hilo hilo la wizi. Na ukilipiga bila wizi, adhabu ni mbuzi.

Miezi hiyo chuo kimoja cha urubani kilileta wanafunzi kwenye kiwanja cha vumbi kando ya mashamba yetu, wajifunze kuruka usiku. Tulitoka nje kuwatazama, raha tupu! Usiku mmoja, wengine wameshalala, mimi na Lusia tukiwa bado nje, kandege kakakimbia, kakanyanyuka, mara injini ikakohoa na kuzima. Mama yangu! Upepo ulivuma juu ya bati zetu, kisha kishindo kwenye pamba ya Lusia.

"Ng'ombeee! Ng'ombe zimekwendaaa!" Lusia akapiga.

"Mama Mayala, hiyo ni ndege!"

"Naiona! Mdomo umeshaniponyoka!"

Tukakimbia wawili. Mwalimu wa urubani alikuwa hai, mguu umebanwa. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, mlango wazi.

"Mwanafunzi wangu, Evance," alisema. "Amegonga kichwa. Ametoka anatembea tu, namwita haitiki. Mtafuteni!"

 Ng'ambo ya shamba ni maduara ya zamani, mashimo marefu ambayo wachimbaji waliyaacha wazi, na giza lilikuwa totoro. Watu wa kututafutia? Hakuna hata mmoja. Kijiji kizima kilikuwa kimeziba njia kikimsubiri mwizi. Niligeuka nimgombeze Lusia, nikamkuta ameshika kichwa analia.

Ndipo filimbi ikalia upande wa maduara. Makoye, kamanda wetu wa sungusungu, amekamata mtu! Tulikimbia hadi pumzi zikatuishia. Makoye alikuwa amemkumbatia kwa nguvu kijana mwenye damu usoni, na nyuma yao, karibu kabisa, mdomo wa shimo.

"Anatembea kama mlevi," Makoye alisema akihema. "Namuuliza ng'ombe ziko wapi, ananijibu habari za injini."

"Mwachie! Ameanguka na ndege!" Lusia akamvuta kijana kifuani, akamfunika kwa khanga yake. "Ng'wanawane, mwanangu, umepona." Nikaruka juu kwa furaha, mzee mzima. Wengine wakaenda kumnasua mwalimu.

Evance alipotoka hospitali alikuja kutushukuru. Alikaa karibu na Lusia kwenye mkutano wa kijiji, bandeji kichwani. Makoye, ambaye kwenye sheria hajui utani, akasimama.

"Mama Mayala, hakuna ng'ombe aliyeibiwa. Umepiga mwano wa uongo. Mbuzi."

Tukaguna. Lusia alimtazama yule kijana, akampapasa shavu.

"Mmoja tu?" akauliza, na kuondoka kwenda kufungua zizi.