Haki Haichangishwi Kanisani

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya baridi kule mji wa Champlin ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyotua nchi hii, na hasira yake haijaniisha. Tangu hapo nimehama miji mingi na kusahau sura nyingi. Asubuhi ile hainitoki. Najua Kiswahili wewe unakisikia na kujibu kwa Kiingereza. Leo usinijibu, sikiliza tu.

Nilikuwa kijana wa Kigoma mwenye cheti cha kidato cha nne, nikitunza wagonjwa katika nyumba ya mama mmoja Mkenya. Nyumba ilikuwa yake, kampuni yake, na sisi wafanyakazi tulisali naye kanisa moja. Hakuna aliyemwita bosi, tulimwita Mama. Alitupa kazi tukiwa wageni, akasimamia harusi zetu na misiba yetu. Kwetu fadhila haisahauliki, na yeye alilijua hilo vizuri sana.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Mama Neema, Mkongo mkimbizi kutoka Uvira, mjane mwenye watoto wadogo. Mashine ya kuinulia wagonjwa ilikuwa mbovu kwa muda mrefu. Tukilalamika, Mama anasema Mungu atatupa nguvu. Asubuhi hiyo, nikiwa jikoni nasaga chakula cha wagonjwa, Mama Neema akamwinua mzee mmoja mnene peke yake. Nikasikia ukelele. Nilimkuta amepiga magoti, mgongo umekataa kunyooka.

Mama alifika upesi, na chupa ya chai mkononi.

"Mama Neema, mwanangu, pole sana. Sasa skiza. Ukiambia daktari uliumia hapa kazini, watatufungia hii nyumba, na hawa wenzako wataenda wapi? Sema uliteleza kwa barafu nje ya nyumba yako. Kanisa haiwezi kukuacha."

Nikiwa nampeleka kliniki kwa gari, nilimwambia asikubali.

"Wewe mtoto wa Kigoma, nyamaza uendeshe," akasema, ameshikilia mlango kwa maumivu. "Ule mama alinipokea nikiwa sina hata koti. Leo nimutie mu matatizo? Miye siko nyoka."

"Lakini mgongo ni wako."

"Na hii aibu njo yangu vilevile."

Akamwambia daktari ni barafu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu.

Basi akakaa nyumbani kwake mji wa Hopkins, hawezi hata kuinama kumfunga mtoto viatu. Mshahara ukakatika, matibabu yakakwama, na Mama hakupiga simu hata mara moja. Kisha Jumapili moja Mama akasimama mbele ya kanisa akatangaza mchango wa "dada yetu aliyeteleza kwenye barafu". Kikapu kikapita. Watu wakampigia makofi kwa ukarimu wake! Mama Neema alikaa nyuma, kichwa chini, akisema asante. Asante! Damu inanichemka hadi leo.

Sikuweza kuvumilia. Ukumbini baada ya ibada, watu wakila wali na maharagwe, nilimweleza Mzee Zakaria ukweli wote. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa Wakongo pale. Akaweka sahani chini, akamwendea Mama.

"Mama, huyu mutu ameumia kwa nani?"

"Mzee, hayo tuongelee ofisini."

"Tuko nyumbani mwa Mungu. Ofisi gani inapita hii? Ameumia kwa nani?"

Mzee akatugeukia sisi. "Na ninyi munapiga makofi! Munamuchangia mutu haki yake? Haki haiombewi kikapu. Na wewe Mama Neema, hiyo si heshima, ni woga umevaa kitenge. Kesho unarudia kwa daktari, unasema kweli. Mimi nitakaa mulangoni."

Mama Neema akaenda. Mzee akakaa mlangoni kweli.

Wakili wa msaada wa bure tuliyemwendea baadaye ndiye aliyetufungua macho, na ndipo hasira yangu ilipozidi. Sheria ya jimbo inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Bima hiyo hulipa matibabu na sehemu ya mshahara, hata kama hakuna wa kulaumiwa. Na mwajiri naye inamkinga, kwa kuwa kwa kawaida mfanyakazi aliyefidiwa hivyo hamshtaki tena kwa jeraha lile. Mama alikuwa nayo! Alichoogopa ni wakaguzi kuiona mashine yake mbovu. Kwa hilo tu akautoa mgongo wa mjane.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kuurekebisha uongo ni ndefu. Watu wa bima waliling'ang'ania lile neno barafu hadi theluji ya mwaka uliofuata ikaanguka. Mama Neema alishinda. Ila matibabu yalichelewa, na hakubeba tena mtoto mgongoni.

Kwa hiyo, mwanangu unayeanza kazi, mwajiri akikuambia sisi ni familia, mwitikie kwa adabu, kisha uijue sheria. Ukiumia kazini, sema umeumia kazini, siku hiyohiyo, kwake na kwa daktari. Kukuadhibu kwa kudai haki yako ni kosa. Na kama siku moja wewe ndiye utakayekuwa mwajiri, usimnyang'anye mtu haki yake halafu umrudishie kama sadaka. Mshukuru aliyekupokea, mpikie, mwombee. Mwili wako usimpe.

Mungu akupe mgongo mzima na ulimi usioogopa, na kila kazi ya mikono yako ikurudishe nyumbani ukitembea wima.