Mapato ya Mke

Wiki chache kabla sijastaafu tulikusanywa ukumbini, ofisini kwetu Kitale, sisi wote tuliokuwa tunaondoka mwaka ule. Tulipewa chai, mandazi na karatasi. Mama mmoja mwenye miwani, aliyeletwa kutufundisha maisha ya uzeeni, alitaka kila mtu aandike anahitaji pesa ngapi kwa mwaka ili aishi bila kuhangaika. Kushoto mahitaji, kulia mapato.

"Andikeni ukweli," alisema. "Karatasi hii si ya mwajiri. Ni yenu."

Mimi nilikuwa karani wa stoo ya mbegu, na mwandiko wangu ulisifiwa. Niliandika dawa za presha, sadaka, michango ya matanga, nguo. Kwenye chakula niliandika sukari, majani ya chai na nyama ya Jumapili, kwa sababu hivyo ndivyo vyakula pekee nilivyowahi kununua. Jumla ikawa laki tatu. Upande wa mapato niliandika pensheni, ambayo ilifika nusu tu ya hapo. Chini yake palikuwa na mstari wa mapato ya mke. Sikufikiri hata kidogo. Niliandika: hana.

Mke wangu wakati huo alikuwa nyumbani Kabuchai, kwenye ekari zetu mbili. Kwa miaka thelathini nilikaa chumba cha kupanga Kitale, nikawa narudi kwake kila mwisho wa mwezi. Kila nilipoondoka alinifungia mfuko: unga, maharagwe, ndizi za kupika, mayai yaliyoviringishwa kwa gazeti. Nilikula mfuko ule mwezi mzima na sikuwahi kujiuliza umetoka wapi. Hata asubuhi ile ya karatasi nilikuwa nimekula yai lake.

Nusu iliyopungua niliamua kuitafuta kwa njia ya wenzangu. Nitajenga vyumba sita vya kupangisha Kitale. Kiinua mgongo hakikutosha, kwa hiyo nikatafuta mkulima wa miwa wa kukodi shamba. Mkataba wa miwa kwetu hauhesabiwi kwa miaka. Unahesabiwa kwa mikato, maana miwa ikikatwa huchipuka tena. Tulikubaliana mikato mitatu, na ukiikamilisha umezeeka miaka mitano au zaidi.

Mke wangu alipaswa kutia sahihi pia. Alishika kalamu, akaniuliza, "Na sisi tutakula nini, Baba?"

"Tutakula kodi ya vyumba," nikasema, nikacheka.

"Basi niachie hata kipande cha mboga hapo nyuma ya jiko."

Mwenye miwa alitaka shamba lote. Nilimwambia mke wangu asiniaibishe mbele ya mgeni. Akatia sahihi.

Vyumba vilifika kwenye linta, juu tu ya milango, pesa zikaisha. Mafundi walichukua mbao zao wakaenda. Mara ya mwisho nilipokwenda kuvitazama, majani yalikuwa yamenifika kiunoni na mtu alikuwa amefunga mbuzi wake sebuleni, au mahali nilipopaita sebule. Kabuchai nako miwa ilikua mpaka ikagusa ukuta wa jiko. Mke wangu aliosha vyombo akiwa ameielekea kama mtu aliyegeuzwa uso ukutani.

Mahindi ya mwisho ghalani yalipokwisha, tulienda soko la Chwele kununua. Nilivaa koti langu la ofisini. Mke wangu aliongoza moja kwa moja hadi kwa mama mmoja muuza nafaka aliyeketi naye bega kwa bega miaka mingi, mke wangu akiuza maharagwe.

"Mayi!" yule mama akapiga kelele, ndivyo kwetu mama anavyoitwa. "Leo umehamia upande huo? Si wewe ndiye ulikuwa unatuharibia bei na maharagwe yako?"

"Nimewaachia nafasi mtajirike," mke wangu akajibu. "Mzee alistaafu, na shamba nalo likasema haliwezi kubaki kazini peke yake. Nipimie gorogoro tano. Na ujaze vizuri, usinikaushie hilo kopo."

"Ati shamba limestaafu! Na huyu wa koti, ndiye anabeba?"

"Ndiye. Si alipewa kiinua mgongo? Wacha tuone kama kilimwinua."

Wanawake wote wa mstari ule walicheka, nami nikacheka nao huku nimeshika mdomo wa gunia. Lakini nilijua alichokifanya. Alinifanya kichekesho ili nisiulizwe swali. Njiani kurudi hakunisema. Angenisema ningejitetea, maana maneno ya kujitetea nilikuwa nayo tayari. Alitembea mbele tu, na kila tulipopita shamba la mahindi la mtu alilitazama mpaka likaisha.

Mwaka huu mkato wa tatu ulitoka. Wiki iyo hiyo mwenye miwa alikuja na mkataba mpya na pesa nyingi kuliko za kwanza. Zingetosha kuezeka vyumba. Nakiri kwamba nilifurahi, na kwamba nilifungua kalamu kabla hajamaliza kusema. Nikamwita mke wangu aje atie sahihi.

Alikuja akifuta mikono. Hakutazama zile pesa. "Baba, kwa mwaka tunahitaji kiasi gani sisi wawili?"

"Laki tatu," nikasema.

"Sikuulizi pesa." Akageukia dirisha. "Magunia manane ya mahindi, mawili tunauza. Maharagwe magunia mawili. Migomba kumi. Mboga, kuku. Hivyo vyote nilikuwa navitoa hapo nje kila mwaka, na wewe ukibebewa mpaka Kitale. Mimi sitii sahihi."

Mgeni alinitazama, akingoja niseme neno la mwanamume. Nilifunga kalamu. Sijui kama ulikuwa ujasiri. Nadhani ni aibu tu, nilikosa pa kuweka macho.

Sasa nang'oa visiki vya miwa kwa jembe. Mizizi yake ni migumu, nami nina miaka sitini na sita, hivyo nimemaliza nusu ekari tu. Mke wangu hunifuata nyuma akipanda. Ile karatasi ya ukumbini nilikuwa nimeificha kwenye faili, na jana niliitia mfukoni nikaenda nayo shambani. Nilimsomea yote, mahitaji na mapato, kwa sauti. Nilipofika kwenye mstari wake nilitamani kuuruka. Nikausoma kama nilivyouandika.

Aliinuka, ameshika mbegu kiganjani. "Hana?"

"Hana," nikasema. "Ndivyo nilivyoandika."

Alinitazama, kisha akatazama miguu yangu.

"Sogea," akasema. "Umesimama juu ya maharagwe."