Fungu la Baba Lilitolewa Mapema

Buni mbichi ikianza kupata moto hainukii kahawa hata kidogo. Hunukia majani yaliyonyeshewa, kisha majani makavu, kisha karanga, na mgeni anaweza kudhani aliyeko jikoni amekosea chungu. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa nyumbani kwetu Mikumi masika ile aliyofariki baba, nikiwa darasa la nne. Mengi ya msimu ule yamenitoka. Nakumbuka turubai la msiba likichuruzika maji, malori yakipita barabara kuu kama vile hakuna kilichotokea, na mimi nimekaa jikoni, mwili mzima una ganzi. Wanawake walinishika kichwa wakasema, "Lia, mwanangu, utapata nafuu." Nilitaka kuwatii, lakini machozi hayakuja. Basi nikawasaidia kuosha vikombe.

Mama aliuza kahawa kwa madereva wa malori, na dereva anataka kitu cha kumfumbua macho mpaka Iringa. Baba, fundi wa matairi, alikuwa mtu wa Kilosa, na kwao waliinywa nyepesi. Walitaniana kila siku. "Hii si kahawa, mke wangu, ni mkaa uliotiwa maji," baba angesema. Mama naye hakukubali kushindwa: "Na yako ni maji ya ndimu yaliyokosa ndimu." Buni, kwa wasiojua, hupasuka mara mbili. Mara ya kwanza hupasuka kwa kelele kama bisi. Hapo punje ni za kahawia, kavu, na kinywaji chake kina uchachu wa matunda. Kisha hunyamaza. Ukiziacha motoni hupasuka tena, safari hii kwa sauti ndogo kama vijiti vikavu; mafuta hutokeza juu ya punje, moshi hupanda, na uchachu wote hugeuka uchungu. Mama alikuwa na kikaango kimoja tu. Kwa hiyo mpasuko wa kwanza ukianza alichota fungu la baba kwa upawa, akalimwaga kwenye sahani ya bati, kisha akaendelea kukoroga za wateja na zake.

Matanga yalipokwisha mama akabaki ndani kukaa eda, na bibi, mama yake mzazi, akateremka kutoka Vidunda kukaa nasi, amebeba buni za mibuni yake michache. Siku mama alipokaanga tena, mpasuko wa kwanza ulisikika na mkono wake ukachota fungu la baba kama kawaida. Akaitazama ile sahani ya bati. Kisha akaepua kikaango kizima. Tangu siku hiyo alikunywa kahawa ya baba tu, asubuhi na jioni, amekunja uso, na chakula akawa anakigusagusa. Kahawa ile ilimchoma tumbo. Alikonda hadi mabega yakatokeza ndani ya kanga. Niliona kabisa kwamba mama anakwisha, na sikushtuka. Hilo ndilo linalonitisha leo.

"Mwanangu, hiyo inakuunguza," bibi alimwambia. "Hukuipenda hata siku moja."

"Ndiyo yake, mama."

"Yake, ndiyo. Lakini tumbo ni lako."

Mama akajimiminia kikombe kingine. Bibi akahamia kwangu, maana hakuwa mtu wa kukaa bila kazi. Alasiri moja alinipangia vikombe vitatu: cha kahawa ya baba, cha ile ya mama, na cha yake mwenyewe, ambayo huiepua katika ule ukimya wa baina ya mipasuko miwili. "Onja," alisema. "Anayependa uchachu atachukua hii. Anayependa uchungu, hii hapa. Yangu haina makuu, ina utamu kidogo ukishameza. Wewe yako ipi?" Nilionja zote. Zote zilikuwa maji ya moto, nami nikamwambia hivyo. Hakunikemea. "Ulimi utarudi," alisema, akavimaliza vikombe vyote mwenyewe, na kesho yake akatulaumu sisi kwa kukosa kwake usingizi.

Eda ilipokwisha mama alikoga, akavaa kanga mpya, akatoa kikaango uani. Kelele za kwanza zikaanza. Nikaona upawa umesimama mkononi mwake, kisha ukaendelea kukoroga.

"Mama! Ya baba!" nilipiga kelele.

"Baba yako amekwisha kunywa yake, mwanangu," alisema taratibu. "Hii ni yangu."

Zikanyamaza, zikapasuka tena, moshi ukajaa ua mzima. Zilipopoa bibi alizitwanga. Mama akanywa, machozi yakimtiririka, kisha akaomba kikombe cha pili, na baada yake akaomba ugali. Mimi nilisimama pale nikiwa na sahani ya bati tupu.

Sasa nafundisha Kilosa, mji wa baba. Siku hizi kahawa huuzwa kwenye pakiti zilizoandikwa nyepesi, ya kati, nyeusi, na muuzaji akiniuliza naipenda ipi humjibu, "Yoyote." Nyumbani nimekaanga nyepesi miaka yote, kwa ajili ya baba, na sikuwahi kujiuliza kama naipenda. Masika iliyopita mama alikuja kunitembelea. Nilimwamkia, nikawasha jiko, naye akakaa kwenye kigoda akinitazama. Kelele za kwanza zilipoanza nikashika kikaango niepue.

"Na yako unaitoa lini?" aliuliza.

Nikaurudisha mkono. Kelele zikapungua, zikaisha, jiko likawa kimya, na katika ukimya ule nikaepua. Tulizitwanga, tukachemsha. Mama akaonja akakunja uso. "Hii si yangu," alisema, "wala si ya baba yako." Nami nikanywa. Nilipomeza, utamu ule aliousema bibi ukabaki ulimini. Ndipo nikamlilia baba yangu, na mama akaniacha nilie.