Damu ya Maharage

Harufu ya majani mabichi ya maharage yakiungua kwa mafuta ya taa, mpaka leo haijanitoka puani. Siku ile shambani tulikuwepo bibi yangu Elizabeti, mzaa baba; baba yangu Zakayo; mama yangu Mariamu; mimi; na mama mdogo Eliwaza, mjane wa Paulo, mdogo wake baba. Mdogo wangu Danieli hakuwepo. Surua ilikuwa imemchukua, tukamzika Jumapili iliyotangulia.

Mama mdogo alikuwa mtu wa Mtae, akaolewa huku kwetu karibu na Irente. Kwa utani alimwita Danieli "mume wangu", akimdai kuni na nyama, mtoto hata kaptula hajajua kuifunga. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Asubuhi wakubwa walikwenda shamba la kijiji, ya nyumbani yakangoja jioni. Mama mdogo alibakiwa na kipande kimoja mteremkoni, mahindi na maharage pamoja. Hicho ndicho kilichomweka kwetu. Mjane asiye na mtoto, akikosa pa kulima, akae kwa nani?

Sasa, kwetu mharage wenye ua haukung'olewa. Ulikuwa mwiko, ukiung'oa, unaita msiba. Tuliung'oa ukishakauka, mizizi nayo imenyauka, basi hakuna aliyejua ulivyo huko chini ungali na maua.

Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, ukingo wa shamba la mama mdogo ukaporomoka. Tulipofika, maharage yalikuwa yamelala ubavu, mizizi nje, imejaa vinundu. Jamani, kama ngozi ya Danieli siku zile za mwisho.

Bibi akainama. Akakibana kinundu kimoja kati ya kucha mbili, kama anavyoua chawa. Kikatoka kitu chekundu.

"Eliwaza! Hii damu ya nani?"

"Mama, mbegu ulinipa mwenyewe, zilitoka kwenye kibuyu chako."

"Mbegu zangu hazina damu."

"Basi ng'oa na wa kwako, tuangalie."

"Ning'oe mharage wenye ua? Unataka nimzike na huyu?" Akanionyesha mimi kwa kidole.

Mama yangu aliketi kwenye tope akaanza kung'oa. Alikuwa anang'oa shamba ambalo mwiko wake mvua ilikwisha kuuvunja. Aling'oa mpaka kucha zikachanika. Mama mdogo akapiga magoti kando yake, akasema, "Dada, mimi Danieli nilimpenda." Mama hakumtazama. Majani mabichi hayashiki moto, kwa hiyo baba akarudi nyumbani kuleta mafuta ya taa, mafuta yenyewe wakati ule ya kutafuta, akayamwaga yote, akatia kiberiti.

Jua halijageuka, mama mdogo aliondoka kwa miguu kuelekea Mtae, mkeka kichwani, sufuria mkononi. Njia ile ndefu hiyo, na baridi.

Msimu uliofuata, mahindi tuliyopanda pale yalifika magotini yakageuka manjano, yakasimama hivyo. Bibi akasema, "Mnaona? Amewaachia laana yake." Tukala bada, ule ugali wa muhogo, mpaka tukaichukia.

Bibi alikufa akiamini hivyo. Mama pia.

Juzi juzi mjukuu wangu Neema aling'oa mharage wenye ua hapa uani kwangu. Nikapiga kelele. Akacheka, akanionyesha vinundu. "Bibi, humu mnaishi vijidudu vidogo mno. Vinachukua hewa hii tunayovuta, vinaigeuza iwe chakula cha mharage, na udongo nao unapata, hata mahindi yakanufaika. Ukikipasua ukakuta chekundu, ujue kiko hai, kinafanya kazi."

Alipoondoka nilitoka peke yangu. Niling'oa mmoja wa mstari huu, mmoja wa mstari ule. Nikavipasua vinundu, vyote vyekundu. Kumbe siku ile hata vya shamba la bibi Elizabeti vilikuwa vyekundu, hatua chache kutoka pale tuliposimama, vimefunikwa na udongo tu.

Ninyi mnaosoma, hasa watu wa Mtae, nimeandika majina kama ninavyoyashika. Nimesema aliondoka na mkeka na sufuria. Ile sufuria naikumbuka tupu. Kama yupo aliyemsikia akisimulia kwamba mmoja wetu alimtilia humo chochote, hata muhogo wa njiani, tafadhali anisahihishe. Hapo ningependa sana niwe nimekosea.