Nimeificha sauti ya marehemu baba kwenye kompyuta anayoitumia dada yangu kila siku

Admin, habari ya kazi. Nifiche jina tafadhali, maana dada yangu naye anausoma ukurasa huu, na akinigundua kabla sijajipanga nimekwisha. Mimi ni kijana wa kiume, miaka 29, mwenyeji wa Kirua Vunjo. Nina steshenari ndogo mjini, Pasua: kuchapa, fotokopi, picha za pasipoti. Nimechumbia, harusi bado. Najua mtanitukana, ila naomba msome mpaka mwisho kwanza.

Kwetu tumezaliwa wawili. Dada nimwite Manka, si jina lake. Ana miaka 37, ndoa ilimshinda akarudi nyumbani na watoto wawili, na kwa miaka mitatu ndiye aliyemuuguza baba. Alimwogesha, alimpikia mtori, alimgeuza kitandani. Mimi nilikuwa napanda mlimani kwetu Jumapili na mkate na sukari, majirani wananisifu. Lakini kwa mila zetu kihamba, yaani nyumba ya baba pamoja na migomba na kahawa inayoizunguka, ni cha mtoto wa kiume wa mwisho. Nilijua ni changu, na nilikuwa nimeshachimba msingi wa nyumba kwenye kipande cha chini, kati ya mfereji na barabara. Wakwe watarajiwa walikuja wakauona, wakaridhika.

Wiki mbili kabla hajafariki, baba aliniita barazani. Dada alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Baba akaniambia nitoe simu nimrekodi, kwa sababu wazee wa ukoo hawatakubali maneno matupu kuhusu mtoto wa kike kupewa ardhi. Akasema hivi: "Kutoka mfereji mpaka barabarani ni kwa Manka na wanawe. Asije mtu akamtoa." Halafu akaniuliza kama nimesikia. Kwenye video sauti yangu inasikika kabisa ikijibu, "Nimesikia, baba." Dada alirudi na mzigo wake kichwani, akanikuta narudisha simu mfukoni.

Tulipomaliza kuzika, niliihamishia ile video kwenye kompyuta ya ofisini, diski D, nikaifuta kwenye simu. Nilijiambia nitaitoa mambo yakitulia. Kisha dada akaanza kuja kunisaidia kuchapa, na kompyuta ni hiyo hiyo moja. Nikaingiwa na hofu. Nikaificha diski nzima, kazi ya dakika moja kwa anayejua: unaingia kwenye mipangilio, unaiondolea ile herufi yake, basi. Vitu vyote vimo, lakini mwingine akifungua anaona C peke yake. Kuifuta video yenyewe nimejaribu mara mbili. Kompyuta inaniuliza kama nina uhakika, nami namwona baba kwenye kile kipicha kidogo, amekaa na koti lake, nashindwa.

Ukoo ulipokaa kikao, dada alisimama mbele ya baba mkubwa akasema siku ile baba alisema kitu, na simu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikasirika kweli kweli, mpaka leo sijui hasira ile niliitoa wapi. Niliiweka simu mezani, nikasema na kompyuta ipo, aje atafute mwenyewe.

Alikuja Jumatatu. Alikaa pale tangu asubuhi, anafungua faili moja baada ya jingine, anaandika jina la baba, anaandika neno video. Mimi natoa fotokopi za vyeti vya watu, karatasi zinatoka upande. Mara akauliza bila kunitazama, "Hii kompyuta si ilikuwa na D?" Nikamjibu iliharibika, fundi akaitoa. Akasema sawa, akaendelea kutafuta kwenye C hadi saa tisa.

Hakupata kitu. Baba mkubwa akamgombeza, akamwambia amenichafulia jina na anajua la kufanya. Alhamisi yake alikuja ofisini kabla ya wateja, amevaa kitenge cha kanisani, ameshika jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani. Wa kwetu mnaelewa. Aliyekukosea akikuletea isale, huna ruhusa ya kukataa, lazima umsamehe.

"Mdogo wangu, nilikuita mwongo mbele ya wazee," alisema. "Nimekosa. Pokea."

Nilipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia yameisha. Alilia, akanishukuru, kisha akawasha kompyuta akaanza kazi. Mimi nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka nikasikia wateja wananiita. Nimejichukia kuanzia siku ile.

Jumamosi hii wazee wanapanda masale mapya ya mipaka kunikabidhi kihamba, na dada anatakiwa awe amehama. Amepata chumba kimoja Himo. Jana amechapa barua ya kuwahamisha watoto shule, kwenye kompyuta hiyo hiyo, akaniomba niangalie kama maneno yamekaa vizuri. Nikaisoma. Nikamrekebishia mkato mmoja, nikamwambia iko vizuri.

Nikiitoa video, wazee wataisikia sauti yangu ikimjibu baba, na mchumba wangu na wazazi wake watajua anaolewa na mtu wa namna gani. Nikinyamaza, hakuna atakayejua maisha yangu yote. Njia ya kwetu naifahamu, ni mimi sasa nimpelekee dada isale. Na akiliona tu atalipokea, kwa sababu halikataliwi. Atalazimika kunisamehe papo hapo, na watoto wake wamesimama pembeni na mabegi, hata kama moyoni anataka kunipiga. Naona huo nao ni wizi mwingine. Leo ni Alhamisi. Nishaurini, nifanye nini?