Kitambaa Nilichokifua

Mdogo wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa majokofu. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye kibanda chenye meza moja, na vidole vyake vilikauka kwa povu la sabuni, lile wanalopaka kwenye bomba kutafuta gesi inakovujia. Hakuoa. Tulikaa nyumba moja, mimi chumba cha mbele, yeye cha uani.

Huko uani alikusanya kaseti. Hazikuwa za nyimbo. Zilikuwa za muziki wa majaribio, unaotengenezwa kwa mitambo ya umeme: miungurumo, mikwaruzo, kimya kirefu, halafu mlio kama wa jokofu linalokata roho. Watu wa mbali waliutoa kwa nakala ishirini au thelathini basi, na kila nakala wakaitengenezea kifuko kwa mikono yao: karatasi iliyoshonwa kwa uzi, bati lililokunjwa, kipande cha gunia. Zilipofika posta, alizifuata amevaa shati la kuendea ibadani.

Majirani walimpachika jina la Redio Mbovu. Siku moja mwenye duka alimuuliza stesheni ile inaitwaje. Akajibu kwamba haijafunguliwa bado, mafundi wanajaribu mitambo. Watu wakacheka, naye akaingia zake ndani.

Mimi sikucheka. Niliogopa. Nilimwambia sauti zile hazina Mungu ndani yake. Aliniomba mara nyingi niketi nisikilize japo upande mmoja, na kila mara nilikuwa na sala, au nguo za kufua. Mwishowe akaacha kuniomba.

Alipolazwa kwa ajili ya figo, niliona nimsafishie chumba ili akirudi akute pasafi. Kwenye rafu palikuwa na kaseti iliyoviringishwa kitambaa cheusi kwa masizi, kimejaa alama za vidole. Nikakifua kwa dawa ya madoa, nikakianika, nikakipiga pasi, nikaifunga tena vizuri. Nilijiona nimetenda wema.

Aliporudi alikaa kitandani, kile kitambaa kikiwa cheupe mapajani mwake. Akanieleza taratibu kwamba zile alama zilikuwa vidole vya aliyeutengeneza muziki wenyewe, na kwamba nakala za kaseti ile zilikuwa kumi na mbili tu.

"Nisamehe, mdogo wangu," nikamwambia.

"Kinanukia vizuri, dada." Akageukia ukutani.

Hakulizungumzia tena. Baada ya wiki tatu tukamzika. Watu walinisifu kwa jinsi nilivyomuuguza, na kila walipoondoka nilibaki nikikiwaza kile kitambaa. Nilimwomba Mungu msamaha, na kwa Mungu sikuwa na shaka. Shaka yangu ilikuwa kwa mdogo wangu.

Juzi nilifungua daftari lake. Kila kaseti ameiandikia mstari wake: jina, mwaka, kifuko, namba ya nakala. Nikaitafuta ile. Maneno "nakala ya nne kati ya kumi na mbili" yamekatwa kwa kalamu. Chini yake ameandika:

"Kitambaa kimefuliwa na kupigwa pasi na dada. Nakala ya kwanza kati ya moja. Haitolewi kwa mtu."

Nilikaa kitandani kwake mpaka chai yangu ikapoa. Kisha nikaitia kaseti kwenye redio yake, nikabonyeza. Ikanguruma, ikakwaruza, nami nikatulia nayo, sielewi kitu. Halafu sauti ikakatika. Sikujua kama ni kile kimya chao kirefu au upande umekwisha, na hapakuwa na wa kumuuliza.