Mwaka Wangu wa Pili Darasa la Tatu

Je, ningepandishwa darasa la nne pamoja na wenzangu, ningejifunza kusoma hukohuko mbele, au ningeendelea kujificha? Nina shahada, na kichwa kimeanza kuota mvi, lakini jibu sijalipata.

Wakati ule, kwetu Mlingotini, hakuna aliyejua kwamba sijui kusoma. Madrasa ilinizoesha kuhifadhi kwa moyo kila nilichokisikia, na shuleni nikafanya vivyo hivyo: niliwasikiliza wenzangu wakisoma hadithi, kisha nikasimama, kitabu mkononi, nikaitiririsha yote bila kukosea. Nilipigiwa makofi. Hata mwisho wa mwaka, mwalimu wa darasa akanifungulia ukurasa ambao hatukuwa tumeufikia. Nikakaa kimya.

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa alikuja nyumbani, akawaamkia wakubwa, akasema wazi: nipande au nikariri darasa, uamuzi ni wao. Kisha akaaga.

"Apande," alisema baba. "Atafunguka hukohuko."

Mama aliendelea kukuna nazi. Mimi nililia, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa anaingia darasa la tatu hilohilo, naye alishapiga hesabu zake.

"Dada, kuanzia kesho sikuamkii ng'o! Tuko sawa."

"Hebu funga mdomo, cherehani we!" bibi alimkemea, kisha akanigeukia. "Na wewe, mke mwenzangu, Juzuu Amma kule madrasa umeirudia mara ngapi?"

"Nyingi, bibi."

"Kuna aliyekucheka?"

"Kule kila mtu anarudia."

"Haya!"

"Kule hakuna mtihani wa taifa, mama," baba alimwambia bibi. "Huyu akikariri, wenzake watamwacha."

"Wameshamwacha," mama alisema taratibu, bila kuinua macho. "Sisi ndio hatukuona."

Baadaye kidogo baba aliomba maji ya kunywa, na sote tukajua kwamba amekubali.

Wawili kati ya wale wakubwa watatu wameshatangulia mbele ya haki. Huwa natamani niirudie alasiri ile, na machozi yangu yote, niwasikie tena wakizozana kwa ajili yangu.

Asubuhi yake mama alinishika mkono. Tuliupita mlango wa darasa la nne, wenzangu wakigombea madawati kwa kelele, tukaingia la tatu. Mdogo wangu akasogea, nikaketi.